Maswali ya Wasomaji: Bingwa Aliyepoteza Michezo 31

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa nikibishana na mdogo wangu kwa wiki nzima. Anasema timu ya besiboli ya Fresno State ilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2008 ilhali ilikuwa imepoteza michezo 31 msimu huohuo. Mimi nimezoea kandanda, ambako timu ya namna hiyo ingekuwa inahangaika isishuke daraja. Je, anasema kweli? Na kama ni kweli, ubingwa huo ulipatikanaje?

JIBU: Mdogo wako anasema kweli, kwa hiyo wewe ndiye unayedaiwa radhi. Fresno State ilimaliza msimu ikiwa na ushindi 47 na vipigo 31, na hakuna bingwa yeyote kabla yake aliyekuwa amefungwa mara nyingi kiasi hicho.

Hata hivyo, hesabu hiyo haitishi sana ukiitazama kwa macho ya besiboli. Timu iliyoshinda michezo 47 kati ya 78 imeshinda takriban asilimia 60, na katika ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, yenye michezo 162 kwa msimu, kiwango hicho ni sawa na ushindi 97, ambao kwa kawaida unatosha kabisa kuingia katika mtoano wa mwisho. Chanzo cha hata timu bora kufungwa mara nyingi ni mrushaji, anayemrushia mpira mpigaji wa wapinzani. Yeye ndiye anayeuanzisha kila mpira, na mkono wake ukishafanya kazi ya mchezo mmoja unahitaji siku kadhaa za kupumzika. Vyuo hukutana mara 3 mwishoni mwa wiki, Ijumaa hadi Jumapili, na timu inayoshinda Ijumaa kwa mrushaji wake bora inaweza kufungwa Jumapili na wapinzani walewale, kwa sababu siku hiyo anayepanda kwenye kichuguu, yaani kile kilima kidogo cha kurushia, ni mtu mwingine kabisa.

Sasa tuje kwenye ubingwa wenyewe. Fresno State ilitwaa kombe la kanda yake, na hilo ndilo lililoiingiza moja kwa moja katika mashindano ya taifa ya timu 64. Huko timu hugawanywa katika makundi 16 ya timu 4, na kila timu hupewa namba kulingana na ubora wake. Fresno State ilipewa namba 4, yaani ya mwisho katika kundi lililochezewa Long Beach, California. Tangu mfumo huo uanze, hakuna timu ya namba 4 iliyokuwa imetwaa ubingwa. Isitoshe, mrushaji wake bora, Tanner Scheppers, alikuwa ameumia bega kabla ya mashindano kuanza.

Nadhani kanuni ambayo wewe na mdogo wako hamkuigusa katika ubishi wenu ni hii: mtoano huu haukutoi kwa kipigo kimoja. Katika kundi la kwanza timu hutoka ikifungwa mara ya pili. Hatua inayofuata timu 2 hukutana hadi moja ishinde michezo 2. Kule Omaha, jimbo la Nebraska, timu 8 zilizobaki hugawanywa katika makundi 2, na kanuni ya vipigo viwili hurudi. Kisha fainali nayo huamuliwa kwa ushindi wa michezo 2. Kila hatua, kwa hiyo, inakuruhusu kuteleza mara moja tu, na Fresno State iliitumia ruhusa hiyo kila ilipopewa. Ilifungwa mara moja Long Beach, mara moja na Arizona State, mara moja na North Carolina kule Omaha, na mara moja na Georgia katika fainali. Mara 6 iliingia uwanjani ikijua kwamba ikifungwa safari imekwisha, na mara zote 6 ilishinda. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hesabu ya kumshangaza mtu, si ile ya vipigo 31.

Fainali yenyewe ilikwenda hivi. Mchezo wa kwanza Georgia ilishinda 7–6. Wa pili Georgia ilitangulia 5–0, na wengi walidhani mambo yameisha, lakini Fresno State ikageuza kibao na kushinda 19–10. Usiku wa tarehe 25 Juni ukawa wa mtu mmoja, Steve Detwiler, aliyecheza pembe ya kulia ya uwanja huku kano ya kidole gumba chake ikiwa imechanika. Aliyewahi kuumia kidole gumba anajua kwamba hata kufungua kifuniko cha chupa ni adhabu. Huyu alilishika gongo, akavusha mpira nje ya uzio mara 2, na mikimbio (yaani pointi) yote 6 ya timu yake ikaja kutokana na mapigo yake. Justin Wilson alirusha mipira zaidi ya 100 na kuiachia Georgia mkimbio mmoja tu. Matokeo yakawa 6–1, na mpira wa mwisho ulioelea angani ulitua katika glovu ya Detwiler huyohuyo.

SWALI: Matokeo ya 19–10 yananikumbusha zaidi mpira wa kikapu kuliko besiboli. Je, warushaji walikuwa dhaifu, au kuna siri nyingine?

JIBU: Uchovu ulichangia, kwa kuwa mwishoni mwa Juni timu inakuwa imebakiwa na mikono michache yenye nguvu, na kocha hulazimika kuwaita vijana ambao kwa wiki nzima hawakutarajiwa kugusa mpira. Lakini siri kubwa ni gongo. Wachezaji wa kulipwa hutumia gongo la mbao, wale wa vyuo hutumia la chuma, na magongo ya alumini ya miaka ile yaliurudisha mpira kwa kasi kubwa mno. Mwaka 2011 vyuo vilianza kutumia kipimo kipya kinacholifanya gongo la chuma likaribie tabia ya mbao, na mapigo ya kuvuka uzio yakapungua ghafla kiasi kwamba baadhi ya makocha walilalamika kuwa mchezo umepoa. Binafsi sikuyasikitikia magongo ya zamani, kwani mrushaji husimama karibu sana na mpigaji, na mpira ukimrudia kwa kasi ile hana muda hata wa kuinua mkono.

SWALI: Je, uwanja uliochezewa fainali hiyo bado upo?

JIBU: Haupo. Uwanja wa Rosenblatt, uliopokea fainali za vyuo tangu mwaka 1950, uliandaa mashindano yake ya mwisho mwaka 2010, na mwaka uliofuata yakahamia uwanja mpya katikati ya jiji hilohilo la Omaha. Rosenblatt ulibomolewa na eneo lake likawa maegesho ya magari ya bustani ya wanyama iliyo jirani, ingawa kona ndogo imeachwa ikiwa na besi zake, yaani vituo ambavyo wachezaji huvikimbilia, na watoto huzikimbilia wazazi wao wakitafuta funguo za gari.