Albamu ya kwanza bila lebo: rifu nzito na saikedelia zikae vipi pamoja?

Mkuu, kwa nilivyokuelewa, bendi yenu ina watu wanne na nyimbo 12, nusu roki nzito ya stona (ile ya gitaa zito, la polepole na la kukwaruza), nusu saikedelia (ile ya mwangwi na sauti za kama ndotoni). Unauliza kama muweke zote, mrekodi vipi wenyewe, na kama msubiri lebo, yaani kampuni ya kuwatolea muziki. Nimepiga besi kwenye bendi ya namna hiyo, na albamu yetu ya kwanza tuliirekodi na kuitoa wenyewe, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia. Ukiona naitetea sana besi, punguza mwenyewe.

Hiyo nusu kwa nusu ndiyo inanitia wasiwasi. Bendi nyingi za aina hii zina wimbo mmoja tu wanaourudia: rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa) inaanza, dakika ya tatu kila kitu kinazimwa, gitaa linazama kwenye mwangwi, sinthi (kinanda cha umeme) inapiga miluzi, halafu rifu inarudi kwa kishindo. Mara ya kwanza unasisimka. Ukifika wimbo wa nne unajua kabla kishindo kitaangukia wapi. Saikedelia iingizeni ndani ya rifu yenyewe. Pigeni rifu moja mizunguko 20 bila aibu, ila kila baada ya mizunguko minne kibadilike kitu kimoja tu. Mpiga dramu ahamishe fimbo kwenye sahani kubwa ya shaba, besi ishuke oktavi, gitaa liache kodi (noti kadhaa kwa pamoja) libaki na noti moja inayovuma. Msikilizaji hatajua kimebadilika nini, atashtukia tu yuko mahali pengine. Kwenye mazoezi yetu, rifu zilizobaki ni zile tulizoweza kuzipiga muda mrefu bila mtu kuangalia saa. Nyingine tulizitupa, hata zile zilizokuwa kali zaidi kwa masikio ya mara moja.

Kwa msingi huo, 12 ni nyingi mno. Chagueni saba au nane. Black Sabbath, bendi ya Uingereza ya roki nzito, walirekodi albamu yao ya kwanza kwa siku moja, Oktoba 1969, wakipiga pamoja studioni, nayo haifiki dakika 40. Ile mvua, radi na kengele za mwanzoni ziliongezwa baadaye. Huo ndio mpangilio ninaoupenda: kwanza watu wanne wakisikilizana chumba kimoja, mapambo yafuate. Amplifaya zinaweza kuwekwa chumba kingine zisimwagikie kwenye maikrofoni za dramu, lakini nyinyi muonane machoni. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, mimi siipendi kwenye muziki huu, kwa sababu rifu nzito inataka kulegea kidogo kabla ya kuangukia pigo la kwanza. Itumieni tu pale ambapo mwangwi wa dilei (pedali inayorudia sauti) lazima uende sawa na mapigo, la sivyo mtahangaika baadaye.

Sasa fazi, yaani pedali ya kukwaruza sauti ya gitaa, ambako bendi nyingi changa hupotea. Pedali aina ya Big Muff huchimba shimo kwenye sauti za katikati, zile kati ya nzito na nyembamba. Ukipiga peke yako chumbani unajiona jitu. Bendi ikiingia gitaa linamezwa na sahani na besi, unaongeza sauti, na mwenzako naye anaongeza. Rudisheni za katikati kwenye amplifaya, na wakati wa kurekodi punguzeni mkwaruzo kuliko mnavyotumia jukwaani. Pigeni sehemu ileile mara mbili, moja kushoto na moja kulia, uzito utatokea wenyewe. Dilei ikae baada ya fazi. Ukiitanguliza, marudio yote yanapondwa pamoja na kuwa uji. Tena kumbukeni fazi inabana sauti, noti ndogo na kubwa zinatoka karibu sawa. Kupanda na kushuka kwa wimbo kunabaki mikononi mwa mpiga dramu, kwa hiyo yeye ndiye wa kumbembeleza kuliko mpiga solo.

Na besi, kama nilivyotahadharisha. Mmesema mnatyuni C, semitoni nne chini ya kawaida. Waya mnene wa gitaa unafika kama hezi 65 (mitetemo kwa sekunde), wa besi kama 33. Spika ya simu haitoi kabisa hiyo 33. Atakayesikiliza kwa simu, na ni wengi, atasikia albamu isiyo na besi, mpaka muitie mkwaruzo kidogo ili sauti zake za juu ziisaidie kusikika. Tumieni nyuzi nene pia, maana za kawaida zikishushwa hivyo zinalegea na kila pigo linaanza nje ya tyuni. Josh Homme, mpiga gitaa wa bendi ya stona ya Kyuss enzi hizo, alitumia tyuni hiyohiyo na kupitisha gitaa kwenye amplifaya za besi. Isikilizeni Blues for the Red Sun ya 1992 mkifuatilia chini tu, msijali solo.

Sauti ya mwimbaji: msiizike. Mara nyingi inazikwa kwa sababu mwimbaji anajionea haya, halafu watu wanasema ndio mtindo.

Lebo msisubiri. Bendi ya WITCH ya Zambia walitoa albamu yao Introduction wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1970, gitaa za fazi na kila kitu, na leo watu wanaitafuta dunia nzima. Ila kabla ya kutoa chochote, andikeni nani katunga nini na mgawanyo ni upi, wote wanne mtie saini. Fanyeni hivyo sasa, mkiwa bado marafiki.

Santuri ndiyo nimeiacha mwisho kwa sababu inaamua mpangilio wa nyimbo. Upande mmoja wa inchi 12, kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, unabeba kama dakika 20 kwa raha. Mkizidisha, mfereji unabanwa na sauti inashushwa, na muziki wenye besi nzito ndio unaoumia, kwa kuwa besi inahitaji mfereji mpana. Pia sindano ikikaribia katikati, sauti za juu zinaharibika: sahani zinachacha, fazi inageuka mchanga. Na nyinyi, kama bendi zote, najua mmepanga kufunga kila upande na ule wimbo mrefu wenye kelele kuliko zote. Usogezeni mbele, mwishoni wekeni wa polepole wenye gitaa safi. Sisi tulibishana sana juu ya hilo na mpiga gitaa wetu alinuna, lakini wimbo wake ulisikika. Miksi ya santuri iwe na besi katikati, isitandazwe kushoto na kulia, vinginevyo sindano inaweza kuruka. Nakala ya majaribio ikija, isikilizeni yote, pande zote mbili, kwenye mashine ya kawaida tu na si ile ya studio, kabla ya kuruhusu kiwanda kiendelee.