Punje za stairofomu kwenye boksi la feni: mbona zinajazana kona moja?

Swali: Fundi habari, nimetengeneza boksi la plastiki linaloonyesha, chini nimefunga feni, juu yake wavu, halafu punje za stairofomu, nataka wanafunzi waone molekuli za gesi zinavyohangaika. Sasa punje zinazunguka upande mmoja na kujazana kona, zingine zimeganda ukutani. Na je huko kurukaruka ni kwa kubahatisha kweli?

Jibu: Salama ndugu. Hujakosea sana, shida ni kwamba mapanga ya feni yakisukuma hewa yanaizungusha pia, na punje zinafuata huko huko. Kata mirija ya kunywea vipande vya sentimita 5, ipange wima imebanana chini ya wavu, iache mbali kidogo na feni, mzunguko utapungua sana. Zilizoganda ni umeme tuli tu, futa kuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo.

Hilo la kubahatisha ndo tamu sasa. Wengi wanadhani ni vurugu za feni tu, zipo ndio, ila hata ukiituliza hewa vizuri kitu bado kitahangaika, kwasababu hewa ikishakipita inaacha nyuma yake vizingia vidogo (hewa inayojizungusha) vinavyochomoka mara huku mara kule, na kila kimoja kikichomoka kinakipiga teke kidogo. Weka mpira mmoja wa tebo tenisi (milimita 40, gramu 2.7) juu ya wavu, hewa ya mita 3 kwa sekunde hivi haitaunyanyua lakini utabingirika hovyo, mateke kama 15 kwa sekunde. Punje zako ni nyepesi mno, ya milimita 3 inaelea kwenye mita 1 tu hivi, ukizidisha feni zote zinagandia mfuniko.

Ila usiwaambie wanafunzi ni kile kile alichokiona Robert Brown, mtaalamu wa mimea, mwaka 1827, chembe ndogo za kwenye chavua zikihangaika ndani ya maji. Kule hakuna feni, molekuli za maji zenyewe ndo zinazigonga chembe na hazichoki. Huku zima swichi uone, zote chini. Tena punje zikigongana zinapoteza mwendo, zikiwa nyingi zinakusanyana zenyewe hata mirija ikikaa sawa, kwahiyo anza na 20 au 30 sio kujaza boksi (najua inavutia kujaza).

Halafu rekodi kwa simu kutoka juu, wafuatilie punje moja moja: muda ukiwa mara nne, umbali kutoka ilipoanzia uwe kama mara mbili kwa wastani, mradi isiwe imeshafika ukutani. Ukikuta mara nne kamili basi bado inapeperushwa upande mmoja, rudi kwenye mirija.