Kompyuta ya zamani inalalamika memori: kabla hujavuka kwenda Kariakoo kununua RAM soma kwanza imeandika nini

Mkuu uliyeandika kwamba kompyuta yako ya zamani inalalamika memori, pole sana, ila nikwambie tu ukweli nimecheka kidogo, sio kwa ubaya, ni vile hadithi yako ni yangu kabisa ya mwaka juzi. Desktopu ya nyumbani, Windows 7, RAM (ile memori mashine inayofanyia kazi ikiwa imewashwa) 2GB, mara inakwambia memori imepungua funga programu, mara skrini ya bluu inajizima na kujiwasha yenyewe, na fundi keshasema "ongeza RAM au tupa". Mimi niliambiwa hivohivo nikatii, nikaongeza, na tatizo likabaki palepale hela imeshaenda. Sasa ngoja nikuandikie kirefu.

Kitu nilichokuja kukijua nimeshachelewa ni kwamba hayo ni magonjwa mawili. Kuna memori kujaa na kuna memori kuumwa. Ikijaa, Windows inakuomba kistaarabu kabisa, kijiboksi kinatokea kinasema sevu kazi zako ufunge programu, na mashine bado inatembea japo kwa kujikokota. Ikiumwa haikuombi kitu, inakata tu, skrini bluu, maandishi meupe, MEMORY_MANAGEMENT au namba kama 0x0000001A au 0x00000050, afu inajiwasha upya kama vile hakijatokea kitu. Fundi wangu hakuuliza ni ipi kati ya hizo. Na mimi sikumwambia maana nilikuwa sijui kama kuna tofauti, kwangu yote ilikuwa "inaleta memori".

Mashine yenyewe niliichukua mtumba, zile za maofisini Ulaya zinazoshushwa na kontena, prosesa ya Intel Core 2 Duo, RAM ya DDR2 (aina ya zamani, kabla ya DDR3) stiki mbili za 1GB, sloti za kuchomekea nne. Mchana mama watoto anachapia mitihani ya tuisheni, jioni watoto katuni. Siku moja yuko ukurasa wa sita wa mtihani wa hesabu, kijiboksi kikaja, akabonyeza kilichokuwa karibu na mkono, Word ikafungwa na kurasa zikaenda nazo. Nilivyorudi kazini sikusalimiwa. Kesho yake nikavuka pantoni mapema kutoka Kigamboni.

Kariakoo nikapata stiki moja ya 4GB DDR2, mpya kwenye nailoni, elfu 45, nikaona leo nimepiga bingo. Nyumbani naichomeka, nawasha, mashine inapiga mlio mrefu, inanyamaza, inapiga tena, skrini nyeusi. Nikajua nimeua mazabodi (ile bodi kuu ya ndani). Kumbe zile stiki za 4GB za DDR2 za bei rahisi nyingi ni za bodi za prosesa za AMD tu, chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo bodi za Intel za enzi hizo haziwezi kuzisoma. Wakati mwingine imeandikwa kabisa kwenye stika kwa maandishi ya sisimizi. Narudi dukani, "bro bidhaa ikishatoka hairudi". Sawa. Nikanunua mbili za 1GB za kutumika, zile za kuchomolewa kwenye mashine zingine, zikaingia zikasomeka. Kwa hiyo mkuu kabla ya kununua chochote chomoa iliyopo uende nayo mkononi, DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 ukiziangalia haraka ni mapacha ila ule mkato wa chini hauko sehemu moja na umeme wake ni tofauti, DDR2 inataka volti 1.8 na DDR3 ni 1.5, usilazimishe kusukuma utavunja sloti bure.

Haya nimefika 4GB, naangalia mashine inasema inayotumika ni 3.25. Nikadhani nimepigwa tena. Hapana, Windows yangu ilikuwa ya biti 32, hiyo mwisho wake kuhesabu anwani ni 4GB na humohumo kadi ya picha na vifaa vingine vinakata chao, kwa hiyo kubaki na 3 na pointi ni kawaida wala usigombane na mtu. Ila ukiona imekata sana, mfano umeweka 4 inatumia 2, andika msconfig kwenye Start uifungue, upande wa Boot, Advanced options, uangalie kama kuna mtu aliweka tiki kwenye Maximum memory. Vijana wanaopiga windo (kuweka Windows upya) mitaani wanapenda kuweka hiyo tiki wakiamini wanaiongezea mashine nguvu, wakati ile kazi yake ni kuweka kikomo. Itoe, risitati.

Sasa baada ya gharama zote hizo, wiki haijaisha kijiboksi kikarudi. Daah. Hapo ndo nikakaa chini mwenyewe usiku watoto wamelala. Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc ikaja Task Manager, nikaona RAM haijajaa hata, imebaki kama robo. Nikaangalia diski C, imebaki MB 300. Movie! Mdogo wangu alijaza seasons nzima nzima pale kwenye desktopu.

Nikueleze hapa polepole maana ndo penyewe. Windows RAM ikianza kubana huwa inahamishia mizigo kwenye faili moja kubwa lililofichwa kwenye diski, pagefile.sys, kama mpangaji wa chumba kimoja anavyoenda kuweka mabegi kwa jirani. Na inapokwambia memori imepungua inajumlisha RAM pamoja na hicho chumba cha jirani. Mimi kwa jirani kulikuwa kumejaa movie, na vibaya zaidi yule aliyenipigia windo alikuwa ameizima kabisa hiyo huduma, sijui alisikia wapi kwamba ukiizima mashine inakuwa nyepesi. Kwa hiyo programu zikiomba nafasi ya akiba zinaambiwa hakuna, kijiboksi kinakuja huku RAM yenyewe bado inapumua.

Dawa yake haikunigharimu hata mia. Bofya kulia kwenye Computer, Properties, Advanced system settings, kwenye Performance bonyeza Settings, Advanced tena, afu utaona Virtual memory, bonyeza Change. Weka tiki ile ya juu Windows ijiendeshe yenyewe, ok, risitati. Wapo watakaokwambia uandike namba mwenyewe, mimi naona kwa mashine ya nyumbani iache ijipangie ila uhakikishe C ina nafasi ya kutosha, mimi naacha GB 10 kwenda juu. Movie zikahamia kwenye diski ya nje (eksternal), mdogo wangu akanuna, kijiboksi hakijawahi kurudi mpaka leo.

Halafu braoza. Tabu 30 (za braoza sio za dunia) kwenye 2GB hapo hata malaika hawezi kukusaidia. Na Chrome yenyewe toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni la 109, kwa hiyo usihangaike kutafuta jipya.

Sasa ugonjwa wa pili, ule wa skrini ya bluu. Huu ulinijia kama miezi miwili baadae, kipindi cha lile joto la Februari, na nilishajifunza kwa hiyo sikukimbilia duka. Nikaandika mdsched kwenye Start, kuna kipimo cha memori kiko humohumo ndani ya Windows, ikarisitati ikaanza kupima, ukibonyeza F1 unachagua kipimo kirefu. Ikaleta kwamba kuna hitilafu. Vizuri, lakini stiki ziko nne, mgonjwa yupi? Hapo nikaweka Memtest86+ kwenye flashi, ni programu ya kupimia memori na ni ya bure, nikabakiza stiki moja nikaiacha ipime usiku kucha, kesho nyingine. Ikikuta hitilafu inaweka mstari mwekundu, na hata mmoja tu ni tatizo, usiseme "ni moja tu".

Ikawa hivi: stiki moja ilileta nyekundu kila sloti niliyoiweka, hiyo marehemu, nikaitupa. Nyingine ilikuwa inaleta nyekundu sloti ya tatu, sloti ya kwanza safi. Hiyo haiumwi, ni mguso. Mimi nakaa Kigamboni mkuu, huku upepo wa chumvi unakula bati unakula bawaba za mlango, itakuwa vimeno vya RAM (ile sehemu ya chini inayoingia kwenye sloti). Nilivichungulia na tochi vimefubaa kama sarafu ya shilingi 50. Nikachukua raba ya penseli ya mtoto, nikasugua taratibu ile rangi ya dhahabu pande zote mpaka ikang'aa, nikapangusa mabaki na kitambaa kikavu, sloti nikapitisha brashi mpya ya rangi ya kucha. Usipulize na mdomo, unamwagia mate. Na kabla ya kugusa chochote chomoa waya ukutani kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki utoke, shika bati la boksi kwanza ndo ushike RAM. Kurudisha sukuma pande zote mbili mpaka klipu ziseme ka! ka!, nyingi zinazosumbua hazijafika chini tu.

Kama umesafisha, stiki zote zimepima safi na bado bluu inakuja, fungua boksi uangalie vile vikopo vidogo vya duara kwenye mazabodi. Kikiwa kimevimba kichwa au kinatoa uchafu wa kahawia hapo sio RAM tena, peleka kwa fundi mwenye pasi ya kuchomelea na umwambie unachotaka, usimwachie akisie. Pawa saplai nayo ikichoka inaleta mambo hayohayo, hasa kwa umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo.

Kwa hiyo usinunue kitu kwanza. Andika hapa maneno kama yalivyo kwenye kijiboksi, na namba ya kwenye skrini ya bluu (piga picha na simu, inapita haraka), na C imebaki GB ngapi, tutaendelea hapohapo.

Na ile stiki ya 4GB bado ninayo droo ya kabati kwenye nailoni yake, kama kuna mdau ana bodi ya AMD ya DDR2 anicheki, naiachia kwa bei ya chipsi mayai.