Re: Kipasha maji ya dripu cha kubeba kwenye ambulensi, nichukue kipi?

Mkuu, umesema mko barabara ya Makambako–Njombe, ajali nyingi ni za usiku, na muuzaji anakusifia mashine kwa sababu "inafika nyuzi 39". Kufika 39 si kazi. Muulize inafika 39 maji yakipita kwa kasi gani, na yakiingia yakiwa na nyuzi ngapi.

Piga hesabu mwenyewe. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 ukiipeleka 37 inakula karibu wati-saa 20 za betri. Damu iliyotoka kwenye friji, nyuzi 4, inakula karibu mara mbili. Sasa soma ukubwa wa betri kwenye kibandiko chake, utajua kama unauziwa maneno. Kama hambebi damu, usilipie uwezo wa damu. Nunua betri ya akiba.

Bei ya mashine isikudanganye: kinachofilisi ni kile kipande cha kutupa cha kila mgonjwa. Hakikisha kinapatikana nchini. Uliza pia sehemu inayogusa maji imetengenezwa kwa kitu gani. Mwaka 2019 enFlow, mojawapo ya mashine hizi za kupasha dripu, iliondolewa sokoni kwa sababu alumini ilikuwa inaingia kwenye maji ya mgonjwa.

Kipasha chenyewe kifunge karibu na mkono wa mgonjwa, maana kwenye mpira mrefu wa dripu maji yakienda polepole yanapoa tena njiani. Na blanketi jamani! Majeruhi aliyelowa mvua, mvue nguo mbichi, mfunike kwanza. Mashine haitafidia hilo.