Kinachoshinda ni uzito wa jumla

Watu huniuliza kama karpu, wale samaki wa ziwani wanaovuliwa kwenye mashindano huku Uingereza, huliwa, na kama mwenye samaki mkubwa ndiye mshindi. Hapana, hao karpu hawapelekwi jikoni, na aliyevua mkubwa kuliko wote si lazima awe mshindi. Katika mashindano ya klabu za Uingereza, kwa kawaida kinachohesabiwa ni uzito wa samaki wote wa kila mvuvi tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, muda wa saa 5 au 6 hivi. Karpu mmoja wa kilo 6 anashindwa na kumi wa kilo moja moja.

Nayajua kwa kuwa huwa nafuatana na jirani yangu huku, namsaidia kuandika uzito. Asubuhi nafasi za kukaa zinagawiwa kwa kura ya bahati, maana kona yenye matete mara nyingi ina samaki kuliko sehemu ya wazi. Kila karpu anatiwa hai kwenye wavu mrefu uliozamishwa majini. Muda ukiisha wavu unainuliwa, samaki wanamiminwa kwenye mfuko wa mizani, namba inasomwa upesi, wanarudishwa ziwani. Kuwashika ni kwa mikono iliyolowa. Mkono mkavu unawatoa ule ute unaowakinga na maradhi, na inaniuma sana nikiona mtu hajali.

Ila maziwa mengi yana kikomo cha uzito kwa kila wavu, samaki wasibanane. Ukizidisha, mara nyingi ziada haihesabiwi, ndiyo maana wazoefu huhamia wavu wa pili mapema. Kanuni hutofautiana ziwa kwa ziwa.