Mama hataki kupumzika

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama yangu yuko Kibosho, ana miaka 79, ametulea watoto saba. Yuko WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, tangu ujana wake. Kila msiba lazima awe jikoni, na Jumamosi anafagia kanisa. Magoti yanamuuma. Tumwachishe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kumwachisha? Thubutu! WAWATA ilianza 1972, mama yako amekua nayo. Mimi nina 81 na bado naongoza rozari kwenye jumuiya, ila masufuria ya msibani nimewaachia wakaza wanangu. Magoti yaonwe hospitali kwanza. Ufagio ushike wewe. Halafu zungumza na mwenyekiti wake, kimya kimya: wampe kigoda achambue mchele, awasimamie na hao mabinti wanaotia chumvi kama wanalisha ng'ombe.