Udongo mweusi wa bondeni: chimba shimo kwanza ndo uupe jina

Mkuu umeuliza kwamba umepata eneo la malisho kule Igunga upande wa bonde la Wembere, udongo mweusi, masika maji yanasimama, kiangazi unapasuka hadi mguu wa ndama unazama, na unataka kujua ni udongo gani na kama unaweza kuchimba lambo. Waliotangulia wamekujibu kwamba mweusi ukipasuka ni blaki koton, kwa kitaalamu vetisoli, chimba tu. Mimi hapo ndo nasema subiri kwanza, maana sisi tulichimba kwa maneno hayohayo na lambo likaondoka.

Nilifanya kazi misimu kadhaa na timu ya wapima udongo, naanza kama kibarua wa kushika sururu baadaye nikawa naandika daftari la shimo, halafu nikarudi nyumbani kwenye ng'ombe. Nilichojifunza ni kwamba rangi inadanganya sana. Watu wanaona mweusi wanadhani mbolea imejaa, kumbe udongo wa mbuga, yaani haya mabonde meusi yanayotuama maji, mara nyingi una mboji kidogo tu, asilimia 1 au 2 hivi, ila ile mboji imeshikana na udongo wa mfinyanzi ndo maana unakuwa mweusi tii. Kwa hiyo weusi peke yake haukwambii rutuba na wala haukwambii jina.

Kinachotoa jina ni shimo. Chimba kiangazi, mita 1 na nusu, ukutani pawe wima, halafu usikwangue kwa chepe maana utaharibu, banjua mabonge kwa kisu taratibu. Vetisoli kweli ukiibanjua kuanzia sentimita 40 au 50 kushuka utakuta nyuso zinang'aa kama zimepigwa polishi, zina michirizi, na mabonge yamekaa kama kabari, yamelala mshazari. Hiyo ni alama kwamba udongo ukilowa unavimba, unakosa pa kwenda, unasukumana wenyewe kwa wenyewe hadi unasuguana. Vigezo vya kimataifa vinataka tabaka hilo liwe na unene wa sentimita 25 au zaidi na lianze ndani ya mita 1, mfinyanzi usipungue asilimia 30 kuanzia juu, na nyufa ziwe zinafunguka na kufunga kila mwaka. Ukikosa zile nyuso za kung'aa, hata kama juu pamepasuka vipi, hapo usiandike vetisoli haraka.

Kwa mfumo wa Wamarekani wanaendelea kugawa kwa muda ambao nyufa zinakaa wazi. Huku kwetu kwenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu nyufa zinakaa wazi siku 90 na zaidi kwa mwaka, kwa hiyo nyingi zinaangukia kundi la usteti. Ila pale bondeni kabisa ambapo maji yanasimama muda mrefu na ndani unakuta madoa ya kijivu na kutu, zingine zinaingia kundi la akweti. Ukikuta vijiwe vyeupe vya chokaa kamulia limao, vikitoa povu ujue ni kaboneti, andika kwenye daftari.

Sasa shida yenyewe. Bonde moja linaweza kuwa na udongo mweusi wa aina 3 na kwa macho ukiwa kwenye pikipiki huoni tofauti. Kuna mbuga yenyewe. Kuna karibu na korongo la mto, ambapo ukichimba unakuta tabaka za tope na mchanga zimepishana kama mkate, hiyo ni flavisoli, mafuriko ya juzi tu, haijapata muda wa kujigeuza. Halafu kuna ukingoni mwa mbuga pale unapoanza kupanda kidogo, Wasukuma wanaita itogolo, juu laini kidogo halafu chini gamba gumu sururu inadunda, na mara nyingi limejaa sodiamu. Huu mpangilio wa kutoka kilimani hadi bondeni ndo Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, aliupa jina la katena miaka ya 1930, yaani mnyororo, na alizunguka hukuhuku Tanganyika kuuona. Lakini wachungaji walikuwa na majina yao tayari. Mzee mmoja tulikuwa naye shimoni akaniambia ng'wanawane, angalia nyasi, palipo na migunga mifupi yenye vinundu vyeusi wanamokaa sisimizi hapo ni mbuga, na pale palipo upara ng'ombe wanalamba ardhi hapo usijenge kitu.

Na sisi tulijenga hapohapo. Tulikuwa tumechimba shimo 1 tu la majaribio, katikati ya mbuga, likatoka zuri, tukaamua eneo lote ni hivyohivyo, halafu lambo tukaliweka mita kama 200 pembeni kwa sababu gari lilikuwa linafika. Likajaa Januari vizuri kabisa. Wiki chache baadaye kukatokea kitundu kwenye tuta kama cha panya, kinatoa maji ya matope, jioni tukaziba kwa mawe na magunia, asubuhi tuta limekatika na maji yote yamekwenda. Udongo wenye sodiamu nyingi ukiguswa na maji ya mvua chembe zake zinaachiana zinaelea, tuta linaliwa kwa ndani wewe juu unaona zima. Iliniuma sana, ng'ombe wa watu walikuwa wameshazoea kuja pale.

Kwa hiyo mkuu fanya hivi. Chimba mashimo yasiyopungua 4 kwenye mstari kutoka juu hadi bondeni, sio moja. Kila shimo chukua kibonge kikavu cha chini, saizi ya punje ya hindi, kidumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua safi, sio ya kisima, usitikise, acha hata saa moja. Kikivimba na kumomonyoka chini huku maji yamebaki maangavu, afadhali. Kikitoa wingu kama maziwa linalosambaa, hapo usiweke tuta. Halafu peleka sampuli maabara, waombe pH, chumvi na asilimia ya sodiamu inayobadilishana, ikifika 15 tayari ni tatizo.

Hata kwenye mbuga nzuri, tuta usiliache likauke wazi, litapasuka na maji ya kwanza yatapita humo, lishindilie likiwa na unyevu kidogo na upande nyasi juu. Nyumba ya mchungaji ipeleke juu kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga wa mteremkoni, mbugani ukuta utachanika mwaka wa kwanza. Na maji yakishaondoka usiache unyevu upotee bure, panda dengu.

Ukichimba tupia picha za ukuta wa shimo hapa, uweke na rula pembeni.